Kombe Lililofunikwa

Katika methali za Kiswahili hapana iliyotumikishwa vibaya kuliko ile isemayo, "Funika kombe mwanaharamu apite." Walioitunga walikusudia busara: aibu ndogo ya nyumbani isianikwe mbele ya mpita njia asiye na haja nayo ila kuicheka. Lakini methali ni kama kisu cha jikoni, ambacho mpishi hukatia vitunguu na mwizi hukatia mkoba. Katika viwanja vya michezo vya Tanzania methali hii imepewa kazi mpya. Hufunikwa umri wa mchezaji. Hufunikwa mchezo uliouzwa. Hufunikwa habari ya kocha aliyemwita binti chumbani mwake usiku. Na sababu ya kufunika, kila mara, ni kombe lenyewe, lile linaloinuliwa juu siku ya mwisho ya mashindano. Matokeo yake ni kinyume cha methali. Mwanaharamu hapiti. Huingia ndani, akapewa kiti, akakabidhiwa na filimbi.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara iendayo Zambia, akiisha kuupanda mlima wa Kitonga, huifikia Ilula kabla ya kuingia Iringa mjini. Ni mji mdogo katika wilaya ya Kilolo. Watu wengi huujua kwa nyanya zake, zilizopangwa kando ya barabara katika ndoo na matenga, na kwa malori yapitayo usiku na mchana. Kwa mambo ya michezo Ilula haina sifa ya pekee, na ndiyo maana yafaa itajwe. Maneno juu ya usalama na haki katika michezo husemwa kwa kawaida mbele ya viwanja vikubwa, vyenye taa na kamera. Lakini mchezaji hazaliwi huko. Huzaliwa mahali kama Ilula, na huko ndiko ajifunzapo kwanza kama mchezo una haki au hauna, na kama mtu mzima mwenye filimbi ni wa kutegemewa au wa kuogopwa.

Mtoto wa Ilula mwenye mbio, au mwenye mguu wa mpira, ana ngazi moja ya kupandia. Huanza katika timu ya shule, akachaguliwa kuingia ya kata, kisha ya wilaya, kisha ya mkoa. Na akijaliwa hufika katika mashindano ya taifa, UMITASHUMTA ikiwa yu katika shule ya msingi, UMISSETA ikiwa yu katika sekondari. Kila kipandio cha ngazi hiyo humweka mbali zaidi na mama yake na karibu zaidi na mtu mzima asiyemjua. Mama mwenyewe, aliyekwisha kuinama shambani tangu alfajiri, huambiwa tu kwamba mwanawe amechaguliwa. Hufurahi, naye ana haki ya kufurahi. Humfulia nguo, humtilia shilingi chache katika fundo la leso, humwambia asimwaibishe mwalimu. Haulizi atalala wapi. Haulizi ufunguo wa bweni utakaa kwa nani, wala kama katika msafara wa wasichana yumo mwanamke mmoja mzima. Hakosi akili ya kuuliza. Bali huona kwamba kuuliza ni kumshuku mwalimu, na kumshuku mwalimu ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ni njema. Lakini wako watu wanaojua kuitumia kama wavuvi wanavyotumia giza la mwezi.

Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo ni amana. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa imani na uaminifu. Walakini limekaa katika Kiswahili muda mrefu kiasi cha kutohitaji mfasiri mahali popote. Mtu akiwekewa amana ya kanga, sharti airudishe kanga ile ile, haikuchakaa wala haikubadilishwa. Hana ruhusa ya kuivaa japo mara moja, hata kama ni usiku na hapana amwonaye. Ikiwa sheria ya amana ya nguo ni kali namna hiyo, ya mtoto ingekuwaje? Wataalamu wa sera wameleta maneno yao kutoka ng'ambo, na wafasiri wao, kwa haraka, wametoa neno "ulinzi." Neno si baya, ila kwa masikio ya watu wengi humaanisha askari mwenye rungu langoni. Ubaya ni kwamba mtoto wa michezo hadhuriwi na mtu aliyeruka ukuta. Hudhuriwa na aliyemo ndani, mwenye cheo, mwenye orodha ya majina ya kikosi mfukoni. Askari wa langoni humpigia saluti.

Neno la pili ni uadilifu, na hili limepata ajali ya kuwa neno la hotuba. Hutajwa na mgeni rasmi kabla ya chakula na kusahauliwa baada yake. Lakini kiini chake ni adili, yaani haki iliyo sawa, mizani isiyoinamia upande wa mwenye nguvu. Viongozi wa michezo huyatenga maneno haya mawili kana kwamba hayajuani. Uadilifu, kwao, ni habari ya matokeo: nani kanunua mchezo, nani kachezesha mtu aliyezidi umri. Amana ya mtoto ni habari ya malezi, ya kuachiwa wazazi na walimu wa dini. La kwanza lina kamati, rufani na adhabu. La pili lina kikao cha wazee na kusameheana. Kutenganisha huku ndiko kosa lenyewe, na inafaa kuonyesha kwa nini.

Mwaka 2005 vijana wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya walio chini ya miaka 17, walifuzu kwenda Gambia katika fainali za Afrika. Hawakucheza. Shirikisho la Soka la Afrika liliiondoa Tanzania kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Wavulana waliokuwa na umri halali walipoteza safari moja na mzee mwenzao, hali hawakuandika cheti cha mtu yeyote. Miaka kumi na miwili ikapita, jambo likageuka. Katika mbio za kwenda Gabon mwaka 2017 Tanzania ilitolewa na Congo Brazzaville. Ikakata rufani kwamba mchezaji mmoja wa Congo hakuwa kijana. Congo haikumfikisha mchezaji huyo kupimwa, ikaondolewa, na Serengeti Boys wakashika nafasi yake. Taifa lilishangilia haki iliyotendeka. Ilikuwa haki kweli. Ila ni wachache waliokumbuka kwa sauti kwamba fimbo ile ile ilikuwa imewahi kutua mgongoni mwa nyumba hii. Mwaka 2019 fainali hizo zikaletwa Dar es Salaam. Wenyeji walipoteza michezo yao yote mitatu, jambo lisilo la kufichwa wala la kuonea aibu. Na Guinea, iliyofika mchezo wa mwisho, ikanyang'anywa nafasi ya pili baadaye kwa wachezaji wawili ambao tarehe zao za kuzaliwa hazikupatana na zile walizokuwa nazo katika mashindano ya awali huko Japani.

Tangu mwaka 2009 mashindano ya dunia ya vijana hao yamekuwa yakitumia picha ya mfupa wa kiganja, ichukuliwayo kwa mashine yenye sumaku, kutambua kijana na asiye kijana. Ni chombo chema. Lakini mashine hiyo haipandi Kitonga kwenda kupima timu ya kata. Huku chini hutumika karatasi, na karatasi huandikwa na mkono wa mtu. Basi hapa ndipo uadilifu na amana vinapokutana, mahali ambapo kamati hazitazami. Mtu mzima anapompunguzia kijana miaka, au anapompa jina la mdogo wake aliyeacha shule, hakumpa nafasi tu, amemfunga kamba. Tangu siku hiyo kijana huyo ana siri, na siri hiyo ina mwenyewe, naye si yeye. Akiambiwa achangie nusu ya posho yake, atatoa. Akiambiwa acheze na goti lililovimba, atacheza. Na akiwa ni msichana, akaambiwa aje chumbani, atakwenda kumlalamikia nani, na kwa jina gani? La kwake, au lile la kwenye fomu? Kocha ana neno moja tu la kusema: "Ukinitaja, nami nitakutaja." Udanganyifu uliofanywa kwa ajili ya kombe umekuwa silaha dhidi ya mwili wa mchezaji. Anayefunika la kwanza amelifunika la pili bila kujua, na pengine kwa kujua.

Upande wa pili wa uwanja yuko mtoto mwingine, yule wa miaka 13 aliyeandikwa kweli. Yeye hukutana na kifua cha mtu wa miaka 18. Mguu wake ukivunjika husemwa ni ajali ya mchezo. Si ajali, ni hesabu iliyokosewa kwa makusudi, na aliyeikosea amekaa kwenye benchi akipiga makofi.

Udhuru wa zamani ulikuwa kwamba watoto wa vijijini hawana vyeti, hivyo umri wao ni wa kukadiria. Udhuru huo unakwisha. Wakala wa usajili, RITA, ulianza mwaka 2013 mkoani Mbeya kazi ya kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, karibu na kwao, katika zahanati na ofisi za kata. Baadaye kazi hiyo ikafika Iringa na mikoa mingine. Waliokuwa wachanga Mbeya mwaka ule ndio wanaoingia sasa katika mashindano ya shule. Kwa mara ya kwanza Nyanda za Juu Kusini zina kizazi ambacho wengi wake wana karatasi ya kweli ya tarehe ya kuzaliwa. Atakayeibadilisha karatasi hiyo hatakuwa amekadiria. Atakuwa ameghushi, na kughushi ni jinai.

Juu ya michezo iliyouzwa hapana haja ya maneno mengi, kwa kuwa tukio la mwaka 2016 lingali linakumbukwa. Siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0, kila mmoja akihitaji magoli kuliko mwenzake. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilizishusha daraja timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Hukumu hiyo ilikuwa kali, nayo ilistahili sifa. Lakini msomaji atazame jinsi ilivyokuwa rahisi: magoli yanahesabika. Kila mtu aliyaona 8 na 7 akajua. Dhuluma ya bwenini haina ubao wa matokeo. Haiandikwi gazetini Jumatatu. Ndiyo maana kamati iliyo hodari wa kuhesabu magoli inaweza kuwa kipofu kwa mtoto anayelia, na ikajiona kuwa imetimiza wajibu wake wote.

Watetezi wa ukimya hujibu kwamba mambo haya yana wenyewe, ni ya nyumba za watu, na mchezo usiingizwe. Jawabu hilo limejaribiwa nchi jirani, na bei yake inajulikana. Agnes Tirop wa Kenya alivunja mwezi Septemba 2021 rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe akashitakiwa kwa mauaji hayo. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti 2024. Mwezi Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess, katika kaunti ya Trans Nzoia, na siku chache baadaye akafa hospitalini Eldoret. Hawa hawakuwa watoto, wala hawakufia uwanjani. Lakini walijulikana na mashirikisho, na makocha, na wenye makambi. Mbio zao zilipimwa kwa sekunde na sehemu za sekunde. Kilichowazunguka nje ya mbio hakikupimwa na mtu. Baada ya kifo cha Tirop serikali ya Kenya iliunda kamati ya ustawi na usawa wa kijinsia katika michezo, na kumpa uenyekiti Catherine Ndereba, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa marathoni; na wanariadha wenzake wakaanzisha chama cha kuwasaidia wanawake wanaoteswa. Hayo ni mema. Yalikuja baada ya jeneza.

Wengine husema sera za namna hii ni anasa ya matajiri. Ilula haina mipira ya kutosha, husema, nayo inaletewa karatasi za kulinda watoto. Maneno haya yana sura ya uzalendo, na kwa hiyo huwapendeza wengi. Lakini Marekani si maskini. Daktari wa timu yake ya taifa ya mazoezi ya viungo, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi katika majumba yenye kila kifaa. Na alipohukumiwa mwezi Januari 2018, wanawake zaidi ya 150 walikuwa wametoa ushahidi wa kile alichowatendea. Baadhi yao walikuwa wamesema zamani. Walisema kwa watu waliokuwa wakizihitaji medali. Utajiri haukuwaokoa, kwa sababu kilichokosekana hakikuwa fedha. Kilikosekana sikio lisilo na faida katika ushindi. Na sikio kama hilo Ilula inaweza kulipata bila kuuza hata tenga moja la nyanya. Mlango kuachwa wazi mwalimu anapozungumza na mwanafunzi hakugharimu kitu. Matroni kulala karibu na wasichana ni gharama ya godoro.

Wako pia wanaodai kwamba haya ni mambo ya Kizungu. Hawa wameisahau pwani yao, na bara yao pia. Mwari katika desturi za Waswahili hakuachwa mikononi mwa mtu yeyote aliyejitolea. Alikuwa na somo wake, mwanamke aliyejulikana kwa jina na kwa nyumba, naye aliulizwa akiharibikiwa. Hakuna haja ya kuyatukuza ya kale kupita kiasi, kwani yalikuwa na siri zake na maonevu yake. Ila haiwezi kusemwa kwamba Mwafrika amefundishwa leo na wageni kwamba mtoto wa mtu awekwe na mtu anayeulizika.

Hoja moja tu ya upande ule inastahili heshima, nayo ni ya walimu wema. Nao ni wengi. Mwalimu wa michezo hununua filimbi kwa mshahara wake, hubaki uwanjani jua likizama, humlipia nauli mtoto ambaye baba yake amekataa. Mtu kama huyu akisikia kanuni za kumzuia asikae peke yake na mchezaji huhisi ametukanwa. Na huogopa kwamba kijana aliyeachwa nje ya kikosi atamsingizia. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana uzushi upo na jina likichafuka halifuliki upesi. Lakini ni kanuni ndiyo imwokoayo. Mwalimu ambaye daima amekuwa na mtu mzima wa pili karibu ana shahidi. Mwalimu ambaye desturi ilimruhusu kuwa peke yake gizani hana ila neno lake, na neno lake ni sawa na la mwovu yeyote. Kwa hiyo anayepinga kanuni kwa jina la mwalimu mwema amemnyang'anya mwalimu huyo ngao na kuikabidhi kwa yule mwingine.

Hapa inafaa kuitazama sheria, kwa kuwa watu hudhani haipo. Ipo, tena ya kutosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na humpa kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake wajibu wa kuzipeleka kwa serikali ya mtaa. Wajibu, si hiari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imelifanya kuwa kosa jambo ambalo watu huliita rushwa ya ngono: mwenye mamlaka kumtaka mtu kimwili kwa masharti ya kumpa cheo au haki. Nafasi katika kikosi ni nini, ikiwa si hicho? Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, wilaya zina maafisa ustawi wa jamii, na namba 116 hupokea simu za watoto. Mtu akishauri kwamba jambo la kocha na mwanafunzi limalizwe kwa mbuzi na kuombana radhi, hakuleta amani. Amesaidia kuficha kosa la jinai, na mbuzi yule ni sehemu ya ushahidi.

Kwa nini basi sheria hizi hazifiki uwanjani? Sehemu moja ya jibu ni lugha. Mwaka 1967 Tanzania iliunda kwa sheria mabaraza mawili, la Michezo na la Kiswahili, na yote mawili yangali hai. Mtu angetazamia kwamba ndugu hawa waliozaliwa mwaka mmoja wangezungumza. Katika habari za ushindani wamezungumza vizuri sana: shabiki asiyemaliza darasa la saba atakueleza kwa ufasaha maana ya kufungiwa, kupokwa pointi, kushushwa daraja, kuotea, na kadi mbili za njano. Kiswahili cha mpira ni kitajiri, kina utani na ukali. Muulize shabiki huyo huyo: kocha akimgusa mtoto isivyofaa, hatua ya kwanza huitwaje, na hupelekwa kwa nani? Atatafuta neno, atalikosa, kisha atasema, "Hayo mambo ya aibu." Aibu ndilo jina pekee alilopewa. Na jambo lisilo na jina ila aibu humrudia aliyetendwa. Yeye ndiye anayeibeba, naye aliyetenda huenda zake akiwa na jina la mwalimu. Tafsiri ya sera peke yake haitaponya hili, ikiwa itatoa Kiswahili cha semina ambacho hakuna mama atakayekitamka jikoni. Yatakiwa maneno yenye meno. Mtu aliyewekewa amana akaila, Kiswahili kimempa jina tangu zamani: ni haini. Aitwe hivyo.

Sehemu ya pili ya jibu ni uhamisho. Panapotokea kishindo kisichoweza kufunikwa, mkosaji huhamishwa. Wazazi hupoa, shule hupumua, na mtu huyo hushuka katika basi mahali pengine akiwa na barua safi mkononi na filimbi shingoni. Aliyeharibu Mbeya hupokewa Iringa kwa chai. Mchezaji aliyefungiwa miezi sita kwa kumsukuma refa anajulikana nchi nzima. Kocha aliyeondolewa kwa ajili ya mtoto hajulikani hata wilaya ya pili. Riadha ya dunia ilikwisha kuuona upofu wa namna hii upande wa dawa za kuongeza nguvu, na mwaka 2017 ikaanzisha kitengo cha uadilifu kilichojitenga na uongozi wake, ili anayechunguza asiwe yule yule anayetaka ushindi. Msingi huo hauhitaji jengo la Monaco. Katika kata ya Ilula unahitaji tu kwamba malalamiko ya mchezaji yasipokelewe na mwalimu anayepanga timu, wala na mwalimu mkuu anayeota kombe kwenye kabati la ofisi yake, bali na mtu wa nje ya shule, ambaye jina lake limebandikwa mlangoni kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la nne aweza kuzisoma. Na katika Baraza la Michezo unahitaji daftari moja la nchi nzima, la majina ya waliozuiwa kuwafundisha watoto kwa uamuzi wa mahakama au wa kamati halali, litakalofunguliwa kabla ya barua yoyote ya ajira kutiwa sahihi. Daftari la madeni ya vilabu linawekwa kwa uangalifu. Hili lingekuwa jembamba zaidi.

Kabla ya timu ya kata kuondoka kwenda wilayani, mwalimu na asome mbele ya wazazi, kwa sauti, majina ya watu wazima wanaokwenda, mahali watoto watakapolala, na jina la anayeshika ufunguo. Na mama aliyetoka shambani aulize swali lake bila kuambiwa kwamba amekosa adabu. Akikosekana mtu mzima wa pili wa kusafiri na watoto, wasisafiri. Kombe la wilaya litakuwapo mwaka ujao.